WAJIBU WA MWAJIRI KATIKA SIKU KUU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya siku kuu za taifa, na juu ya yale yampasayo mwajiri zinapofika. Huenda mmoja wenu akanong'ona, "Siku kuu ni kupumzika tu, lipo neno gani tena la kuhutubia?" Neno lipo. Siku tunayofunga afisi zetu, mlinzi haachi lango, muuguzi haachi wodi, wala mpishi hazimi moto. Haki ya watu hao imekwisha kuandikwa katika sheria, lakini hupatikana au hupotea kwa kalamu ya karani. Na wenye kuishika kalamu hiyo ndio sisi.

Yafaa tukumbuke kwamba katika Uingereza siku kuu za namna hii zilianza na makarani. Mwaka 1871 Bunge la huko lilipitisha sheria iliyoletwa na Sir John Lubbock, naye mwenyewe mtu wa benki, kwamba mabenki yapewe siku 4 za kufungwa katika mwaka. Na biashara nyingine zikafuata. Walakini hata leo sheria ya nchi ile haimlazimishi mwajiri kumwongeza mshahara afanyaye kazi siku hiyo. Jambo hilo hutegemea mkataba wake. Huku kwetu Tanzania Bara sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 25, yaamuru kwamba mfanyakazi akifanya kazi katika siku iliyotajwa na Sheria ya Siku Kuu, mwajiri atamlipa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyoifanya. Haisemi "mwajiri akipenda", wala "fedha zikiwapo".

Sheria hiyo yawahusu watumishi wa umma na wa watu binafsi pia, isipokuwa walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Kadhalika kanuni zake za saa za kazi haziwahusu wasimamizi wa watu ambao huwajibika moja kwa moja kwa wakuu wa kazi.

Sasa na tufanye hesabu, maana wengi hushindwa hapo. Mshahara wa msingi hauna posho ndani yake, wala malipo ya saa za ziada. Ili kupata mshahara wa saa 1, chukua mshahara wa mwezi, uugawanye kwa 4.333, kisha ugawanye tena kwa saa za kazi za juma. Mathalani mtu apata Sh. 390,000 kwa mwezi, na kazi yake ni saa 45 kwa juma. Saa yake 1 ni Sh. 2,000. Siku kuu saa hiyo yahesabiwa Sh. 4,000; na akifanya kazi saa 8, hesabu ya siku ile ni Sh. 32,000. Kwetu huenda fedha hizo zikaonekana kidogo, bali kwa mwenye watoto wanaosubiri daftari za shule si kidogo hata kidogo.

Yapo mambo matatu yanayowatatiza makarani. La kwanza ni likizo ya mwaka. Sheria imetoa siku 28 mfululizo, na siku kuu zikiangukia ndani yake zahesabiwa humo humo. Basi tusimwahidi mtu siku za nyongeza ambazo sheria haikumpa. Akizipata, amezipata kwa mkataba au kwa wema wa mwajiri. La pili ni siku kuu inayoangukia Jumapili. Wenzetu wa Kenya wana sheria kwamba siku ya pili yake iwe ya mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa Jamhuri ya tarehe 12 Desemba 2021, wakapumzika Jumatatu tarehe 13. Kwetu Saba Saba ya mwaka 2024 iliangukia Jumapili, na Jumatatu tukarudi kazini. La tatu ni siku kuu za Idi, ambazo hufuata mwezi. Mwezi haungoji orodha ya zamu kuandikwa. Yampasa karani aandae orodha mbili mapema, ili mwezi ukionekana usiku, asubuhi yake ajulikane nani yuko kazini na saa ngapi.

Tumepata kuona katika afisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, mlinzi aliyelinda kutwa nzima siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba. Mwisho wa mwezi alipewa mshahara ule ule wa siku zote. Akauliza kwa adabu. Mtunza fedha akafunua daftari la mahudhurio, akaona alama moja iliyofanana na alama za siku nyingine, akamwambia, "Mzee, hapa pameandikwa zamu ya kawaida." Mtunza fedha hakusema uwongo; alisoma alichokikuta. Mlinzi akarudi langoni, na jambo likaishia hapo. Aliyeitia alama ile alikuwa karani kama sisi, tena siku yenyewe alikuwa nyumbani kwake akila pilau. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo twashauri mambo haya. Kila siku kuu iandikwe kwa wino mwekundu juu ya safu yake. Aliyefanya kazi aandike saa ya kuingia na saa ya kutoka, atie sahihi yake au alama ya kidole. Na katika hati ya malipo, fedha za siku kuu zipewe mstari wake, zisifichwe ndani ya jumla. Haya humlinda mwajiri pia, kwa kuwa sheria humtaka ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Na kesi ikifika, mwajiri asiyeweza kuyatoa maandishi hayo ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Anayenyimwa haki yake aulize kwanza kwa upole, na kwa maandishi. Ikishindikana, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asikawie, maana Kanuni za mwaka 2007 ziliweka siku 60 kwa migogoro isiyo ya kuachishwa kazi. Mtumishi wa umma yampasa amalize kwanza ngazi zilizowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, kama mabadiliko ya mwaka 2016 yalivyoagiza.

Tungeweza kukoma hapo, Bwana Mwenyekiti, na kila mmoja angerudi kwake akimlaumu mwajiri wake. Lakini imebaki nyumba moja ya kuikagua, nayo ni yetu wenyewe. Wengi wetu tunao watumishi wa nyumbani. Siku ya Krismasi au ya Idi, sisi tukiwa tumevaa nguo mpya na kupokea wageni, yeye huamka kabla ya adhana na kulala baada ya wageni wote kuondoka. Huyo naye ni mfanyakazi mbele ya sheria, na siku hiyo sisi ndio waajiri. Je, daftari lake liko wapi? Saa zake nani ameziandika? Twampa kanga, naye hushukuru. Kanga ni hisani njema, lakini hisani si mshahara. Kama tunaona uchungu kulipa mara mbili, basi na tumpe ruhusa aende kwao akale siku kuu na mama yake, nasi tukoshe vyombo.

Mtu anayedai haki afisini na kuidhulumu jikoni hana uso wa kusimama mbele ya mwajiri wake. Siku kuu ijayo, kabla hatujafunga milango, tuandike majina ya wale watakaobaki kazini, wa afisini na wa nyumbani.