Utunzaji wa Bendera ya Taifa Shuleni: Hali Ilivyo Timau

Mada kwa walezi wa skauti na walimu wa zamu



Niliombwa nianze na maana. Bendera ni kitambaa chenye rangi au alama za kutambulisha nchi, chama, timu au chombo cha baharini. Jina tulilipata kwa Wareno, bandeira. Rangi za bendera yetu ya Kenya kila mtoto anazijua: nyeusi ni wananchi, nyekundu damu ya wapigania uhuru, kijani ardhi, nyeupe amani. Tusonge mbele.

Kinachonikera ni upepo, na fungu la pesa.

Upepo wa Timau, chini ya Mlima Kenya, huanza na pindo la mbali na mlingoti. Uzi unaachia, kitambaa kinachanika vipande, kisha jua la mlimani linageuza nyeusi kuwa kahawia na nyekundu kuwa waridi. Bendera inapandishwa Jumatatu na kushushwa Ijumaa. Katikati hapo inalala nje, mvua inyeshe isinyeshe. Ikichanika, tunampelekea fundi cherehani aikate na kuikunja pindo upya. Akishaikata mara mbili tatu, ule uwiano wa 2 kwa 3 umekwisha, na ngao ambayo Katiba inataka ikae katikati imesogelea ukingo. Skauti wanaipigia saluti hivyo hivyo.

Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, inakataza kuidharau bendera. Sisemi kuna anayeidharau, wala mada hii hailaumu ofisi yoyote. Ila kila tulipoomba bendera mpya tuliulizwa itanunuliwa kwa fungu gani. Chaki ina fungu. Rangi ya lango ina fungu, hasa mgeni akitarajiwa. Na mlima tunaoutazama kutoka uwanja wa gwaride ndio huu ambao juu yake mpanda mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera hii nchi ilipopata uhuru, Desemba 1963!

Napendekeza, kwa heshima:

Bendera ishushwe kila jioni, si Ijumaa tu.

Kila shule iwe na bendera mbili, moja ya siku za kawaida na moja ya sherehe.

Bendera itengewe fungu katika bajeti ya shule.

Pindo la mbali lishonwe mishono minne tangu bendera ikiwa mpya.

Bendera iliyokatwa hadi ngao ikahama isishonwe tena, iondolewe.

Skauti wafundishwe kuikagua, si kuikunja tu.

Bajeti itaje bendera kwa jina. Narudia kwa sababu ombi hili huandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano na kuishia humo.

Wakati tunasubiri, naomba jambo moja lisilohitaji senti: Jumatatu ijayo, kabla ya gwaride, mwalimu wa zamu ashike pindo kwa mkono wake. Likiwa limechanika, bendera hiyo isipande.