Mdomo Ukienda Upande: Vidonge, Sindano za Kichina na Jicho Lako

 

Hebu fikiria hivi. Umeamka asubuhi, unapiga mswaki, na maji ya kusukutua yanamwagika yenyewe upande mmoja. Unajitazama kwenye kioo: mdomo umeenda upande, jicho moja halifumbi, na ukijaribu kucheka nusu ya uso haisogei. Jana jioni ulikuwa mzima.

Wengine watakwambia umepigwa na upepo. Wengine watasema jini amekupiga kofi, au jirani amekuroga. Mama, hujarogwa. Ugonjwa huu unajulikana. Madaktari huuita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji kutoka Uskoti aliyeandika kuhusu mshipa wa uso mwaka wa 1821.

Kila upande wa uso una mshipa wa fahamu unaoamrisha misuli. Mshipa huo hutoka kwenye ubongo na kupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo, hubanwa na mfupa, na amri ya ubongo haifiki usoni. Mara nyingi hushukiwa virusi vile vinavyoleta malengelenge ya mdomoni. Yeyote anaweza kuupata, lakini huwapata zaidi wenye kisukari, na akina mama walio katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito au wiki ya kwanza baada ya kujifungua.

Sasa sikiliza jambo la kwanza, na ulishike: saa 72. Hizo ni siku tatu. Nenda hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu vidonge vya prednisoloni, vinavyopunguza uvimbe wa mshipa, hufanya kazi vizuri vikianzwa ndani ya siku tatu za mwanzo. Utafiti uliofanywa Uskoti na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba baada ya miezi 9, watu 94 katika kila 100 waliomeza dawa hiyo walikuwa wamepona kabisa. Kwa wasioimeza walikuwa 82. Usijinunulie dukani. Dawa hii hupandisha sukari na presha, kwa hivyo mweleze daktari kama una kisukari, presha au mimba.

Kuna sababu nyingine ya kwenda mapema. Kiharusi pia hupindua mdomo. Mkono au mguu ukilegea, maneno yakikwama, au mgonjwa akiweza kukunja paji la uso vizuri huku mdomo umepinda, usingoje hata dakika. Kwa mtoto, daktari ataangalia masikio, kwa maana usaha wa sikio unaweza kudhuru mshipa huo. Ukishauriwa kupimwa sukari na virusi vya UKIMWI, kubali. Ni kutafuta chanzo.

Jambo la pili ni jicho. Nilimtembelea mama mmoja aliyepooza uso siku chache baada ya kujifungua. Nyumbani walisema ni upepo wa jikoni, wakampaka majani yaliyopondwa kwa wiki mbili. Uso wake ulirudi wenyewe, kama unavyorudi kwa wengi. Jicho halikurudi. Lilikaa wazi usiku na mchana, likakauka, likapata kidonda, na kovu jeupe limebaki mpaka leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hivyo, mchana tumia matone ya kulainisha jicho uliyopewa kliniki. Usiku paka mafuta ya macho, fumba kope kwa kidole, kisha ibandike kwa plasta laini ya hospitali ili isifunguke. Jikinge na vumbi na moshi. Usitie jichoni majani, maziwa ya mama wala mate. Likiuma, likiwa jekundu au ukianza kuona ukungu, rudi hospitali siku hiyo.

Akina mama wengi huniuliza, "Sista, je, zile sindano za Kichina?" Ni swali zuri. Waganga wa China tangu kale walisema pia kwamba ugonjwa huu ni upepo ulioingia kwenye mishipa ya uso. Wao huchoma sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani, usoni na mkononi. Tiba hiyo huitwa akupancha. Katika hospitali nyingi za China leo, mgonjwa hupewa vidonge na sindano pamoja.

Je, zinasaidia? Mwaka wa 2013 madaktari wa China walichapisha utafiti wa wagonjwa 338. Waliochomwa sindano zikazungushwa mpaka wakahisi uzito na ganzi walikuwa na uso mzuri zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliochomwa bila kuzungushiwa. Lakini angalia vizuri: wote walipewa vidonge vya steroidi. Hakuna aliyeambiwa achague kimoja. Nao wachunguzi waliopitia tafiti za sindano hizo mwaka wa 2010 walisema hazikuwa na ubora wa kutosha kutoa uamuzi.

Ushauri wangu ni huu. Anza hospitali. Ukitaka kuongeza sindano, na uwezo unao, nenda kwa mtaalamu aliyesajiliwa. Hakikisha anafungua pakiti mpya mbele ya macho yako na kuzitupa akimaliza, kwa maana sindano iliyotumiwa huleta UKIMWI na homa ya ini. Kama una mimba, mwambie. Ile sehemu ya mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, Wachina wenyewe huiepuka kwa mjamzito. Akikupa dawa za mitishamba, mwonyeshe daktari kabla ya kumeza. Na akikwambia uache vidonge, ondoka.

Mwisho, uwe na subira. Hata bila dawa, kama watu 7 katika kila 10 hupona kabisa, na watoto hupona vizuri zaidi. Wengi huanza kuona nafuu baada ya wiki chache. Usimfiche mgonjwa ndani kwa aibu. Kama miezi mitatu imepita na uso haujarudi vizuri, rudi kwa daktari.

Mwambie na jirani yako: mdomo ukienda upande, hospitali leo, na jicho lifunikwe usiku.