Begi Jepesi, Maji ya Kutosha: Maandalizi ya Kupanda Longonot na Menengai

Maandishi ya mazungumzo kwa vikundi vya matembezi ya milimani, Kaunti ya Nakuru



Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mlimani kila mtu hubeba wake, na uzito wake huujua akiwa njiani, si akiwa nyumbani. Kila wikendi mabasi ya makanisa, shule na vyama huteremsha watu kwenye lango la Mlima Longonot. Wengi huwa wamebeba vitu wasivyovihitaji na kuacha vile ambavyo mlima hauwezi kuwapa. Ujumbe wa leo ni mmoja: punguza kila kitu, isipokuwa maji, nguo za kukinga baridi na mvua, na muda.

Kuujua mlima kwanza

Lango la Longonot liko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari, na kilele kiko mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 nyingine, kisha njia ya kurudi ni ile ile. Anayekamilisha safari yote hutembea zaidi ya kilomita 13, kwa saa 4 hadi 5 au zaidi. Njia ni ya majivu ya volkeno, yenye mitaro iliyochimbwa na mvua, na ina kivuli kidogo sana. Maji ya kunywa hayapo.

Menengai, karibu na Jiji la Nakuru, huwadanganya wengi kwa sababu gari hufika hadi juu, mita 2,278. Ugumu uko chini. Bonde lake lina kina cha mita 485, na sakafu yake ni mawe makali ya lava na vichaka. Pale safari huanza kwa kuteremka, kwa hivyo kupanda huja wakati miguu imechoka na maji yamepungua. Asiyeijua njia asishuke bila mwenyeji anayeifahamu.

Kulipima begi

Wapandaji wengi hufuata kanuni hii: begi la safari ya siku moja lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 asizidishe kilo 6. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwa Longonot kila mtu abebe lita 3. Hizo ni kilo 3 tayari. Kilo 3 zinazobaki zigawanywe kwa akili.

Spika ya muziki, soda za chupa, blanketi na viatu vya kubadilisha vibaki kwenye gari. Maji ni mzigo unaopungua kila unapokunywa. Spika hushuka na uzito ule ule. Kikundi cha watu 10 hakihitaji masanduku 10 ya huduma ya kwanza. Moja linatosha, likiwa na bandeji, plasta za malengelenge, dawa ya kuua viini, na chumvi na sukari za kuchanganya na maji. Vivyo hivyo kwa chaja ya kubebeka na kisu. Wanaolala kambini wagawane hema: mmoja abebe turubai, mwingine vyuma, wa tatu sufuria.

Chakula kiwe kidogo chenye nguvu: njugu karanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, nduma, chapati. Kiwekwe kwenye mkebe unaorudi nyumbani.

Vitu visivyopunguzwa

Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga za kitaifa na misitu inayolindwa. Chupa ya maji iliyonunuliwa barabarani haipaswi kupita langoni. Asiyelijua hilo huenda akaanza kupanda bila maji. Kila mmoja aje na chupa ya kudumu, ijazwe nyumbani.

Pili ni sweta na koti jepesi la mvua. Asubuhi ukingoni kuna upepo baridi hata kama Naivasha kuna jua. Suruali ya jinzi ikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka. Afadhali ya kitambaa chepesi. Kofia na leso ya kuzuia vumbi havina uzito wa kulalamikiwa.

Tatu ni viatu. Si lazima viwe vya bei ghali. Raba za mtumba zenye soli nzima iliyo na meno zinafaa, mradi mwenyewe amezizoea. Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza mlimani. Kucha za miguu zikatwe mapema, kwani wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele.

Nne ni tochi, hata kwa safari ya mchana. Huku kwetu jua huzama mwendo wa saa 12 na nusu jioni, na giza huingia haraka.

Saa ya kugeuka

Kikundi kifike langoni saa 12 asubuhi, na kabla ya kuondoka kikubaliane saa ya kugeuka. Kwa mfano, ambaye hajafika ukingoni kufikia saa 6 mchana asianze kuzunguka kreta. Atazame, apumzike, ashuke. Mwendo uwe wa yule anayeenda polepole zaidi, na mtu mmoja mwenye uzoefu atembee nyuma ya wote. Nyumbani aachiwe mtu majina ya waliokwenda, njia yao na saa ya kurudi.

Hell's Gate imetufundisha somo hili kwa uchungu. Aprili 2012, vijana 7 wa kikundi cha kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Ol Njorowa. Septemba 2019, watu wengine 7 walifariki humo, akiwemo mwongozaji wao. Korongo ni jembamba na kuta zake ni ndefu. Mvua ikinyesha mbali kwenye miinuko, maji hufika kwa kishindo hata kama juu ya vichwa vya watu hakuna wingu. Hapo begi jepesi halimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni kutoshuka. Kabla ya kuingia, ulizeni maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kama njia iko wazi na kama mvua imenyesha juu. Wakisema hapana, iwe hapana, hata kama nauli imelipwa na watu wametoka mbali.

Dharura ikitokea, piga 999 au 112, au Shirika la Msalaba Mwekundu kwa 1199. Simu ichajiwe usiku wa kuamkia safari.

Milima ya kaunti hii ipo leo na itakuwepo wikendi ijayo. Aliyegeuka nusu ya njia ana nafasi ya kurudi. Rudini na takataka zenu, na rudini wote mlioondoka.