Bati Kwanza, Choo Baadaye

Matangazo mawili ya wiki hii mmeyasikia. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kimefungua minada ya korosho, na Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa mwelekeo wa mvua za msimu, zile za Novemba hadi Aprili. Bei hatuirudii hapa. Kila mkulima wa Nachingwea, Ruangwa na Liwale anayo kichwani. Kinachotusumbua redio hii ni kitakachofuata hela ikishaingia benki. Maduka ya vifaa vya ujenzi yameshajaza mzigo, mafundi wameshaanza kupigiwa simu, na mazungumzo vijiweni ni ya kitu kimoja: bati.

Bati la rangi, la migongo mipana. Hatuna ugomvi na bati. Waliowahi kukesha wakihamisha magodoro chini ya paa la nyasi linalovuja wanajua thamani yake. Ugomvi wetu ni utaratibu: bati kwanza, choo baadaye. Kila msimu, bati kwanza, choo baadaye. Na hiyo baadaye haifiki, kwa kuwa msimu unaofuata hela inakwenda kwenye madirisha ya aluminiamu, na ule mwingine kwenye marumaru za sebuleni. Choo kinabaki pale pale nyuma ya mwembe, shimo lile lile, mlango wa gunia.

Ni nani anayekwenda huko saa nane usiku? Kijana anayetuma hela ya ukarabati yuko Dar es Salaam. Anayekwenda ni mama yake, miaka imepita sabini, magoti yamechoka, mkono mmoja fimbo na mwingine tochi. Anashuka ngazi tatu ambazo fundi aliziinua ili nyumba ipendeze, na hazina hata bomba la kushikia. Anavuka uwanja wa udongo unaoteleza. Akifika, inabidi achuchumae, kisha atafute pa kujishikia ili ainuke. Siku akianguka nyonga ikavunjika, hela ya marumaru yote itaishia hospitali.

Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilianzisha kampeni ya Nyumba ni Choo, na tuliitangaza kwa moyo wote. Watu waliipokea kama habari ya kuhara na kipindupindu, na ni kweli ilihusu hayo. Lakini choo ni habari ya uzee pia. Ni habari ya mjamzito, ya mtoto mwenye ulemavu, ya baba aliyepooza upande mmoja. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike na watu wote. Nyumbani kwako hakuna mkaguzi atakayekuja. Utajikagua mwenyewe.

Na vipimo fundi anavyo, anasubiri tu kuambiwa. Kiti mwendo kina upana wa sentimita 65 hivi, ilhali milango mingi ya vyoo na bafu tunayojenga haizidi sentimita 70 pamoja na fremu. Mwambie aache sentimita 90, na umwambie kabla lenta haijamwagwa, maana baada ya hapo ni kubomoa. Kibaraza chenye kimo cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3 na nusu hivi ili mtu apande bila kusukumwa kwa nguvu. Choo kisogezwe jirani na nyumba, shimo likae mbali na kisima, na juu ya tundu kijengwe kiti cha saruji cha kukalia. Chini iwekwe sakafu ya kukwaruza. Marumaru zinazong'aa zikilowa maji ni hatari kwa mzee.

Bati lenyewe litafanya kazi kubwa zaidi ukiliwekea gata na simtanki. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 10 tu hukusanya karibu lita 800. Ni ndoo 40 hizo, mama asizozibeba kichwani. Lakini nani anapangia gata? Bati kwanza, basi.

Tunaambiwa hela haitoshi kufanya yote. Haitoshi, ndiyo, na ndiyo maana tunasema ipangwe. Hakuna anayetakiwa kukumbushwa mwaka 2018, minada iliposimama, serikali ikatangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo huku kuta zikinyeshewa. Korosho haiahidi mtu. Panga ukarabati wa miaka mitano kwa hatua, na kila hatua iwe imekamilika hata msimu unaofuata ukiwa mbaya. Nachingwea tunaijua kazi iliyoanza kwa haraka: Waingereza walileta matrekta na reli kwa ajili ya karanga bila kuisoma ardhi wala mvua, mwaka 1951 mradi ukafutwa, na baadaye reli ikang'olewa.

Ndugu zetu mlioko Dar, Mtwara na kwingineko, msitume hela ya bati kabla ya kumpigia mama simu na kumuuliza anapita wapi usiku. Muulizeni yeye, msimuulize fundi. Wakulima, kaeni na wazee wenu kabla ya kukaa na muuza bati. Mafundi, semeni ukweli hata kama mteja anataka kupendezesha mbele ya nyumba. Na halmashauri za Nachingwea na Ruangwa, mna wahandisi na maofisa afya: watoeni ofisini, waende kwenye vyama vya msingi sasa hivi, kabla malipo hayajaingia, wawe na futi mkononi na mchoro wa choo kinachomfaa mzee, ubandikwe ukutani pale pale panapobandikwa bei ya mnada. Mvua hazijaanza. Chimbeni shimo wiki hii!