Chanja Ng'ombe, Okoa Korongo wa Ruma
Hotuba kwa wafugaji wa Homa Bay na Migori



Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya, yule swara mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe. Katika hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021, walipatikana 15 tu. Ujangili na kupungua kwa malisho vimechangia hali hiyo. Wanyama wakibaki wachache kiasi hicho, mlipuko mmoja wa ugonjwa unaweza kuwafagia wote.

Wazee wanaijua sotoka. Katika miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki, na nyati wakafa pamoja nao. Baada ya miaka mingi ya chanjo, mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa Kenya alikuwa nyati wa Meru, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia nzima ikatangazwa kuwa huru. Hakuna aliyewafuata nyati wote porini na sindano. Alichanjwa ng'ombe, nyati akapona.

Mbwa nao wana somo lao. Mwaka 1994 homa ya distempa iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, ikafika hadi Maasai Mara. Virusi vilitokana na mbwa wa vijijini. Kwa hiyo mfugaji wa Kuria anayempeleka mbwa wake kuchanjwa analinda watoto wake dhidi ya kichaa cha mbwa, na mbwa huyo akipewa pia chanjo ya distempa, simba hulindwa.

Hatari inayopaswa kuangaliwa sana ni kimeta. Huko Kruger, Afrika Kusini, kimeta kiliua korongo hata wakaanza kuchanjwa kutoka kwenye helikopta katika miaka ya 1970. Ng'ombe mwenye kimeta hufa ghafla, huvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Akipasuliwa, damu hukutana na hewa, na vijidudu hujifunika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi. Ua wa waya huzuia ng'ombe, lakini hauzuii inzi, mbwa, tai wala maji ya mvua.

Ng'ombe mmoja ni karo ya shule, na hamu ya kuokoa angalau nyama inaeleweka. Lakini nyama hiyo na ngozi hiyo huua watu pia. Basi mambo ni manne:

1. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wachanjwe kimeta kila mwaka.
2. Mbwa wachanjwe kila mwaka.
3. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Afisa wa mifugo aitwe, mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina chini ya maelekezo yake.
4. Mnyamapori akionekana amekufa au anayumba, asiguswe. Habari ipelekwe kwa chifu au kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Korongo hawezi kujipeleka kwenye kituo cha chanjo. Ng'ombe wa jirani yake anaweza kupelekwa.