BCG: Chanjo Inayofundisha Zaidi ya Ilivyotumwa

Hebu jitazame mkono. Huenda ukaona kovu dogo la mviringo: hiyo ni alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu iliyotolewa kwa binadamu mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1921. Leo tunaeleza kwa nini chanjo hiyo huwasaidia watoto hata dhidi ya maradhi ambayo haikutengenezwa kuyazuia.

Kinga ya mwili ina ngazi mbili. Ngazi ya kwanza hushambulia papo hapo chochote kigeni. Ya pili huchelewa kidogo, lakini humtambua kila mdudu na kumkumbuka kwa miaka. Ile ya kwanza, vitabu vilisema, haina kumbukumbu.

Mwaka 2012, mtafiti Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha matokeo yaliyotia shaka kauli hiyo. Waliwachanja BCG watu wazima. Miezi 3 baadaye, monositi zao, yaani seli nyeupe za ngazi ya kwanza, zilipambanishwa na vimelea visivyohusiana na kifua kikuu. Zilitoa kemikali za kuamsha kinga kwa wingi kuliko kabla ya chanjo.

Jeni zenyewe hazikubadilika; kilichobadilika ni namna zinavyosomwa. Ndani ya seli, DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, mithili ya uzi wa cherehani. Inapokazwa, jeni hunyamaza; inapolegea, husomwa. BCG huacha alama za kikemikali kwenye histoni hizo, na jeni za kinga hubaki tayari, kana kwamba seli zimepewa mafunzo.

Utauliza: monositi huishi siku chache tu kwenye damu, sasa kumbukumbu hudumuje? Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa mafunzo hayo hufika hadi kwenye uboho, zinakozaliwa seli hizo.

Hapa Afrika Mashariki, watafiti wa Entebbe, Uganda, waliwafuatilia watoto wachanga 560. Nusu walichanjwa siku ya kuzaliwa, nusu wakiwa na wiki 6. Katika wiki hizo 6, waliochanjwa mapema waliugua maradhi mengine ya kuambukiza kwa kiwango pungufu kwa takriban asilimia 29. Kundi la pili lilipochanjwa, tofauti hiyo haikuendelea kuonekana.

Hata hivyo, BCG si dawa ya kila kitu. Jaribio kubwa kwa wahudumu wa afya halikuonyesha kuwa inawakinga na UVIKO-19. Tena, kinga iliyochangamka kupita kiasi huleta madhara: wanasayansi wanachunguza kama mafunzo ya aina hii huchangia uvimbe unaoharibu mishipa ya damu.

Kwa mzazi, ujumbe ni huu: umejifungulia nyumbani, au umeruhusiwa hospitalini kabla mtoto hajachanjwa? Usingoje kliniki ya wiki 6. Mpeleke mapema, kwani ni katika wiki hizo za mwanzo anapoihitaji zaidi chanjo hii.