Kosa la Ukoo: Mhadhara wa Umma Juu ya Maadili na Kuendelea Kwake



Swali la leo, kama maadili ya binadamu huendelea mbele au hugeuka tu kama mitindo ya mavazi, aghalabu hujadiliwa kwa mifano ya Athens na London. Mimi sitakwenda mbali hivyo, madhali vilima hivi vya Kericho vinayo hoja ya kutosha.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai wa Wakipsigis, ambao ndani yake walitoka orkoiik, viongozi waliotafutwa kwa baraka zao na kuogopwa kwa laana zao. Walituhumiwa kuchochea wizi wa ng'ombe na ukaidi dhidi ya utawala. Wala haikuonekana haja ya kumtenga mwenye hatia na asiyekuwa nayo. Watu wapatao 700, shaibu kwa ajuza, wanawake na watoto wao, waliozoea baridi na umande wa nchi hii, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, malaria na mbung'o. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mamaye alihukumiwa kwa kosa moja tu, nalo ni kuzaliwa. Walipoanza kurejea, uhuru ukiwa umekaribia, wengi hawakuwa na pa kurejea.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba hatia ya ukoo ililetwa na Mwingereza. Katika mila ya Wakipsigis mtu akiua, ukoo wake wote ulibeba deni la damu na kutoa ng'ombe kwa ukoo wa marehemu. Lakini deni lile lilikuwa na mwisho: wazee walikaa, mifugo ikahesabiwa, kisasi kikazuiwa, na watu wakarudi kuishi pamoja. Sheria ya 1934 iliichukua hatia ya jamaa ikaacha suluhu yake. Na katika jambo hili, kwa maoni yangu, walioitwa washenzi walikuwa na insafu zaidi ya waliowaita hivyo.

Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1871 juu ya asili ya mwanadamu, alieleza kwamba huruma, iliyoanza kwa jamaa na kabila, huweza kupanuka kwa akili na mazoea hata ikawafikia watu wa mataifa yote. Maneno mazuri hayo. Ilhali ndani ya kitabu kile kile alitazamia kwamba mataifa aliyoyaita yaliyostaarabika yangeyafuta yale aliyoyaita ya kishenzi. Basi kuijua njia ya huruma si sawa na kuipita.

Wako wasemao kwamba kila zama zina maadili yake na haifai zama moja kuihukumu nyingine. Sikubaliani nao. Leo, chini ya Katiba ya 2010, sheria ya kuuhamisha ukoo mzima kwa sababu ya nasaba yake haiwezi kusimama mbele ya mahakama yoyote ya Kenya, na hayo ni maendeleo yasiyo na shaka. Lakini Januari 2008 wafanyakazi wa Kigusii walitimuliwa katika mashamba ya chai ya Kericho na nyumba zao zikachomwa, si kwa tendo walilolitenda bali kwa kabila walimozaliwa. Walioadhibiwa mwaka 1934 kwa kosa la kuzaliwa ni watu wetu. Walioadhibu wenzao kwa kosa lilo hilo mwaka 2008, nao pia ni watu wetu.

Ni nini basi kiendeleacho, ikiwa si moyo? Mtazameni mama mchumaji, kapu mgongoni, akichuma majani mawili na chipukizi, akijua kwamba kazi yake ya kesho imo mikononi mwa nyapara. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kenya waliosema wameteswa kingono na wasimamizi wao. Uovu huo hakuna anayedhani ulianza mwaka ule. Kilichoongezeka ni idadi ya watu ambao ushahidi wao hupokelewa, na hicho ndicho kipimo changu cha maendeleo: ni nani awezaye kulalamika akasikilizwa, kisha akarudishiwa haki yake?

Kwa kipimo hicho safari ingali katikati. Tume ya Taifa ya Ardhi iliyatambua madai ya Watalai na Wakipsigis kwa jumla juu ya dhuluma za ukoloni mwaka 2019. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza juu ya madai hayo. Mwaka 2022 malalamiko yao yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Na Mfalme Charles, alipozuru Kenya mwaka 2023, alitamka huzuni na majuto juu ya maovu ya ukoloni, asiombe radhi rasmi.

Ninyi wanafunzi wa sheria na historia, nawasihi mwende kwa wazee waliozaliwa Gwassi, mkayaandike maneno yao kwa majina ya vijiji na mipaka ya mashamba, kwa kuwa mahakama huomba ushahidi, na wao ni wazee sana.